Nani Mwenye Kusamehe? Msamaha wa Rais kwa Mtangulizi Wake katika Mizani ya Lugha na Haki

1. Utangulizi

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, ng'ombe wa jirani walivunja ua wakaingia katika shamba la nyanya yangu mzaa mama, wakala maharagwe yaliyokuwa yamebakisha majuma mawili kung'olewa. Kesi ilipelekwa kwa mzee wa kijiji. Mzee huyo alikuwa mwandani wa mwenye ng'ombe. Hakwenda shambani kutazama hasara, wala hakumwita shahidi hata mmoja. Alisimama barazani akatangaza kwamba amemsamehe mwenye ng'ombe ili ujirani usivunjike. Watu wakapiga makofi. Nyanya hakupiga. Aliuliza swali moja tu: "Amesamehe maharagwe ya nani?"

Sikulielewa uzito wa swali hilo wakati huo. Limenirudia katika utu uzima kila nisikiapo mjadala kuhusu marais wanaostaafu au kung'olewa madarakani wakiwa wameandamwa na tuhuma. Je, rais aliyepo amsamehe mtangulizi wake? Wapo wanaosema ndiyo, ili taifa litulie na kusonga mbele. Wapo wanaosema hapana, kwa kuwa sheria ni msumeno. Kambi zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo, aghalabu husahau kuuliza swali linalotangulia mengine yote: nani hasa ndiye mwenye kusamehe?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kutumia zana ambazo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunazo, yaani sarufi, semantiki na fasihi. Kwanza tutakichunguza kitenzi chenyewe. Pili, tutakipima kisa mashuhuri cha mwaka 1974, pale Rais Gerald Ford wa Marekani alipomsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon. Tatu, tutakilinganisha na kisa cha Korea Kusini cha mwaka 1997, na hatimaye tutarejea nyumbani Kenya. Msimamo wa makala haya ni kwamba rais anaweza kufuta adhabu, lakini hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Kwa sababu hiyo, msamaha unaotolewa kabla ya ukweli kuthibitishwa huwa ni kifuniko juu ya chungu ambacho hakuna aliyechungulia ndani yake.

2. Sarufi ya Kusamehe

Hebu tuzitazame sentensi hizi tatu:

(a) Amina amemsamehe Juma.
(b) Amina amemsamehe Juma deni lake.
(c) Rais amemsamehe mtangulizi wake makosa yake.

Msikilizaji wa sentensi (a) hahitaji kuambiwa kwamba Juma alimkosea Amina. Maana hiyo imo ndani ya kitenzi. Katika sentensi (b), Juma ni shamirisho kitondo na deni ni shamirisho kipozi, na kila mzungumzaji wa Kiswahili ataelewa kuwa mdai ni Amina. Ikibainika kwamba fedha zilikuwa za Zuhura, sentensi hiyo itageuka kuwa kichekesho, na huenda Zuhura akaifanya kuwa kesi. Kwa hivyo, -samehe ni kitenzi ambacho kiima chake, katika matumizi ya kawaida, ni mtu aliyekosewa au anayedai.

Tukija kwenye sentensi (c), tunakuta kwamba kisarufi imekamilika. Ina kiima, kitondo na kipozi. Lakini kisemantiki imeacha pengo. Makosa yanayozungumziwa, iwapo yalitendeka, hayakumpata rais mpya. Yaliwapata watu wengine: aliyeteswa, aliyeibiwa kodi, aliyefiwa na mwana, aliyenyimwa kura. Hao hawamo popote katika sentensi. Wameondolewa bila hata kuachiwa nafasi ya chagizo.

Hali huwa tata zaidi tutumiapo kauli ya kutendewa. Tukisema "rais mstaafu amesamehewa", kiambishi cha kauli hiyo humpeleka gizani mtenda, nasi hatuulizi tena ni nani aliyesamehe. Kauli ya kutendana, kwa upande mwingine, haimwachi mtu nje. "Wamesameheana" ni sentensi isiyowezekana mpaka pande mbili zikutane. Tujihadhari basi na wanasiasa wanaotumia kauli ya kutendewa pahali ambapo kauli ya kutendana ndiyo ingefaa.

Kiswahili kinalo pia neno radhi. Mtu huomba au hutaka radhi, na radhi hutoka kwa aliyeudhika pekee. Mzazi aliyekasirishwa hana mwakilishi wa kumtolea radhi mwanawe. Anayeiomba anaweza kunyimwa, na hatari hiyo ya kunyimwa ndiyo inayolipa ombi lake uzito.

Kutokana na maelezo haya, napendekeza tutofautishe dhana mbili ambazo neno msamaha limezibeba kwa pamoja. Ya kwanza ni msamaha wa adhabu, yaani kuondolewa kifungo, faini au mashtaka. Huu ni wa dola, na mwenye mamlaka anaweza kuutoa kwa kalamu. Ya pili ni msamaha wa moyo, yaani kuondolewa kinyongo. Huu ni mali ya aliyedhulumiwa. Mgogoro mwingi kuhusu msamaha wa marais hutokana na kutoa msamaha wa kwanza huku taifa likiambiwa kwamba limepata wa pili.

Kuna tatizo jingine la kimsamiati. Mtangulizi anayezungumziwa huwa ni mtuhumiwa. Tuhuma bado si kosa. Ukimsamehe mtuhumiwa asiye na hatia, umemtukana, kwa kuwa umemvika kosa ambalo hakulitenda. Ukimsamehe mtuhumiwa mwenye hatia kabla hajahukumiwa, umewanyima wengine fursa ya kujua alichokitenda. Kwa vyovyote vile, msamaha huo una kasoro.

3. Ford na Nixon: Msamaha Uliotangulia Hukumu

Usiku wa tarehe 17 Juni 1972, watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jumba la Watergate, jijini Washington. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wasaidizi wa Rais Nixon walishiriki katika njama za kuuficha ukweli kuhusu uvamizi huo. Ilipobainika kuwa rais alikuwa na mitambo iliyonasa mazungumzo ofisini mwake, kanda hizo zikadaiwa. Nixon alikataa kuzitoa zote. Tarehe 24 Julai 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba azitoe. Siku chache baadaye, Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ikapitisha vifungu vya mashtaka ya kumwondoa madarakani. Tarehe 9 Agosti 1974, Nixon akajiuzulu.

Aliyeshika hatamu alikuwa makamu wake, Gerald Ford. Ford hakuwa amechaguliwa na wapiga kura kushika urais wala umakamu. Nixon ndiye aliyempendekeza mwaka 1973 baada ya makamu wa awali, Spiro Agnew, kujiuzulu, na Bunge likamwidhinisha. Jambo hili lina uzito katika mjadala wetu, maana lilimfanya anayesamehe kuwa na deni la fadhila kwa anayesamehewa.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi ya Jumapili tarehe 8 Septemba 1974, Ford alitangaza kwamba amempa Nixon msamaha kamili usio na masharti. Msamaha huo ulihusu makosa yote dhidi ya Marekani ambayo Nixon alikuwa ametenda, au huenda alikuwa ametenda, tangu tarehe 20 Januari 1969 hadi siku aliyojiuzulu. Mwanafunzi wa semantiki hawezi kulipita neno huenda bila kusita. Msamaha ulifuta makosa ambayo hayakuwa yametajwa na hayakuwa yamethibitishwa. Katiba ya Marekani iliuruhusu, kwa kuwa humpa rais uwezo mpana wa kusamehe makosa dhidi ya taifa, isipokuwa katika mashtaka ya kuondolewa madarakani. Nixon mwenyewe, katika taarifa ya kuupokea msamaha, alikiri kukosea kwa kutochukua hatua thabiti mapema. Hakukiri uhalifu. Mwaka 1977, akihojiwa na mwanahabari David Frost, alitetea wazo kwamba rais akitenda jambo, basi jambo hilo si kinyume cha sheria.

Uamuzi huo ulimgharimu Ford. Msemaji wake, Jerald terHorst, alijiuzulu kwa kuupinga. Kura za maoni zilionyesha kwamba walioridhika na uongozi wake walishuka kutoka takriban asilimia 71 hadi takriban asilimia 50. Tarehe 17 Oktoba 1974, Ford alifika mbele ya kamati ndogo ya Bunge akaeleza kwamba hapakuwa na mapatano yoyote baina yake na Nixon. Mwaka 1976, alishindwa na Jimmy Carter katika uchaguzi wa urais.

4. Hoja za Watetezi na Majibu Yake

Si haki kuwapuuza wanaomtetea Ford, maana hoja zao zina mashiko. Ford alisema kwamba kesi ingechukua muda mrefu, kwamba ingekuwa vigumu kupata waamuzi wasioegemea upande wowote, na kwamba taifa lingeendelea kupasuka huku lina mambo mengine ya kushughulikia. Marekani ilikuwa ikikabiliwa na mfumuko wa bei, na Vita vya Vietnam vilikuwa havijaisha. Watetezi huongeza kwamba Nixon alikuwa ameshaadhibiwa kwa kupoteza cheo kikuu kuliko vyote. Mwaka 2001, wakfu unaohifadhi kumbukumbu ya Rais John F. Kennedy ulimtunuku Ford tuzo ya ushujaa wa kiuongozi kwa sababu ya msamaha ule ule. Seneta Edward Kennedy, aliyeupinga mwaka 1974, alieleza hadharani kwamba amebadilisha maoni yake. Watu wenye busara wanaweza basi kulitazama jambo hili wakaafiki.

Watetezi wana hoja nyingine ya kisheria. Mwaka 1915, katika kesi ya Burdick, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba msamaha unaweza kukataliwa, na kwamba kuupokea hubeba maana ya kukiri kosa. Mhariri wa gazeti aliyehusika katika kesi hiyo alikuwa amekataa kupokea msamaha wa Rais Woodrow Wilson. Ford aliitegemea kauli hiyo ya mahakama. Kwake, Nixon alipoupokea msamaha alikuwa amekiri.

Tunaweza kuijibu hoja hii kwa mantiki ya lugha. Kukiri ni tendo la usemi. Hukamilika mtu anapotamka, na kutamka kwenyewe huwa na msikilizaji. Kukiri kunakofasiriwa na wanasheria kutokana na mtu kupokea karatasi, ilhali kinywa chake kinasema vingine, hakumfikii aliyekosewa.

Kuhusu hoja ya amani, mambo mawili hayana budi kukumbukwa. La kwanza ni hatima ya waliotumwa. Tarehe 1 Januari 1975, H. R. Haldeman, John Ehrlichman na John Mitchell, waliokuwa wasaidizi wakuu wa Nixon, walipatikana na hatia katika kesi ya kuficha ukweli wa Watergate, na baadaye wakatumikia vifungo. Mabawabu wakafungwa, mwenye nyumba akabaki huru. La pili lilitokea siku nane tu baada ya msamaha wa Nixon. Tarehe 16 Septemba 1974, Ford alitangaza utaratibu wa kuwasamehe vijana waliokwepa kuandikishwa katika Vita vya Vietnam. Hao waliwekewa masharti: waape upya utiifu kwa nchi yao, na wafanye kazi ya kuhudumia umma kwa muda uliofikia miezi 24. Kijana aliyekataa vita aliambiwa aulipie msamaha wake kwa jasho. Rais aliyetuhumiwa kuvunja sheria alizoapa kuzilinda hakuambiwa lolote. Tukiziweka tarehe hizi mbili kando kwa kando, hatuhitaji mwanafalsafa wa kutufafanulia nini maana ya ubaguzi mbele ya sheria.

Naafiki kwamba huenda msamaha uliipunguzia Marekani kelele za miaka kadhaa. Lakini swali kuhusu mipaka ya sheria kwa rais halikujibiwa mahakamani mwaka 1974, na swali lisilojibiwa halifi. Tarehe 1 Julai 2024, takriban miaka 50 baadaye, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo iliamua katika kesi ya Donald Trump kwamba rais wa zamani ana kinga pana dhidi ya mashtaka ya jinai kwa matendo rasmi ya urais wake. Siwezi kudai kwamba kesi ya Nixon ingeuzuia uamuzi huo. Ninachodai ni kwamba ingewapa majaji na wananchi kielelezo ambacho hadi leo hakipo.

5. Korea Kusini: Hukumu Kwanza, Msamaha Baadaye

Je, msamaha ungekuwa bora ungalitolewa baada ya hukumu? Korea Kusini inatupa mfano wa kupimia. Chun Doo-hwan alitwaa mamlaka kupitia uasi wa kijeshi wa Desemba 1979. Mwezi Mei 1980, majeshi yaliwaua raia waliokuwa wakidai demokrasia katika mji wa Gwangju. Aliyemrithi Chun alikuwa Roh Tae-woo, askari mwenzake. Wakati wa utawala wa Rais Kim Young-sam, wote wawili walishtakiwa. Mwezi Agosti 1996, Chun alihukumiwa kifo, naye Roh akahukumiwa zaidi ya miaka 20 gerezani. Katika rufaa, adhabu hizo zilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha kwa Chun na miaka 17 kwa Roh, na mwaka 1997 mahakama kuu kuliko zote ikazithibitisha.

Mwezi Desemba 1997, Rais Kim Young-sam aliwasamehe wakaachiliwa. Alifanya hivyo kwa kuafikiana na Kim Dae-jung, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa kuwa rais. Hapa ndipo kisa hiki kinapopata uzito wake, maana Kim Dae-jung mwenyewe alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 1980 na utawala wa Chun, kabla ya hukumu hiyo kubadilishwa. Aliyekubali msamaha alikuwa mmoja wa waliokosewa. Sarufi yetu inatimia kwa kiasi fulani: kiima cha kitenzi -samehe alikuwa na haki ya kuwa kiima.

Nasema kwa kiasi fulani kwa sababu Kim Dae-jung angeweza kusamehe hukumu yake mwenyewe ya kifo, lakini hakuwa mwenye watoto waliozikwa Gwangju. Chun alifariki mwezi Novemba 2021 bila kuwataka radhi watu wa mji huo. Msamaha wa adhabu aliupata. Wa moyo hakuuomba, na nadhani hakuna aliyemtolea. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa baina ya Seoul na Washington. Korea Kusini ilipowasamehe watawala wake, ilikuwa imeshaandika katika kumbukumbu za mahakama kosa lililosamehewa. Chun alipojaribu kulikana katika kitabu cha kumbukumbu zake, alikuwa anabishana na hukumu.

6. Kenya: Methali Kama Hati ya Msamaha

Hapa kwetu hatujawahi kuwa na tangazo kama la Ford. Msamaha wetu umekuwa wa kimya, na mara nyingi huletwa na methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni vyema wanafunzi wa fasihi simulizi tuichunguze methali hii kabla hatujaiacha mikononi mwa wanasiasa. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Methali inajenga taswira ya mganga anayechagua ugonjwa wa kushughulikia. Inafaa pale ambapo yaliyopita yamepona. Ikitamkwa mbele ya mtu ambaye kidonda chake bado kinatoka usaha, huwa haifai tena, maana kidonda hicho hakijapita. Wahenga hao hao walituachia nyingine ya kuisawazisha: mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeitumia ya kwanza sharti aonyeshe kwanza kwamba hayumo katika hali ya pili.

Rais Daniel arap Moi alikabidhi madaraka kwa Mwai Kibaki tarehe 30 Desemba 2002, baada ya kutawala kwa miaka 24. Mwaka 2003, serikali mpya iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire kuchunguza sakata ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa katika miaka ya tisini kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi. Mwaka huo huo vyumba vya chini ya jumba la Nyayo House jijini Nairobi, ambamo wapinzani wa serikali waliteswa, vilifunguliwa ili wananchi wavione. Kutokana na hatua hizo, ilielekea kwamba yaliyopita yangetibiwa. Hata hivyo, Mzee Moi hakushtakiwa kwa lolote hadi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, akazikwa kwa heshima zote za kitaifa. Makala haya hayamhukumu, kwa kuwa si mahakama. Yanasema tu kwamba tuhuma dhidi ya utawala wake hazikupata mahali pa kuthibitishwa au kukanushwa mbele yake, na kwamba hasara ya kukosekana mahali hapo iliwapata wote, yeye mwenyewe akiwemo ikiwa hakuwa na hatia.

Walioteswa Nyayo House walikwenda mahakamani wao wenyewe, na kuanzia mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru baadhi yao walipwe fidia. Lakini fidia ya serikali hutoka katika hazina ya umma. Kwa maneno mengine, mlipa kodi ndiye aliyelipa, na aliyeteswa ni mlipa kodi pia.

Sheria yetu, hata hivyo, ina mafunzo ambayo hatujayazingatia ipasavyo. Ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa rais uwezo wa kutoa msamaha kufuatia ombi na kwa mujibu wa ushauri wa kamati maalumu, na msamaha huo ni kwa mtu aliyepatikana na hatia. Msamaha wa aina ya Ford, unaotangulia hukumu, hauna nafasi hapo. Aidha, Ibara hiyo inasema kwamba kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa wa kosa. Waandishi wa Katiba waliona pengo tuliloliona katika sentensi (c), wakafungua mlango. Udhaifu umo katika neno inaweza. Lingekuwa ni sharti, aliyedhulumiwa angehamishwa kutoka nje ya sentensi akaletwa ndani.

Mfano wa pili wa kutia moyo ni wa tarehe 26 Machi 2015. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imekabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2013. Akihutubia Bunge, Rais aliomba msamaha kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zilizotangulia kwa dhuluma za zamani, akatangaza kutengwa kwa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Tofauti ya kisarufi ni kubwa. Rais hakuwa kiima cha kusamehe. Alikuwa kiima cha kuomba. Aliyedhulumiwa akarejeshewa nafasi yake, ya kuwa yeye mwenye kutoa au kunyima. Kwamba waathiriwa wengi waliendelea kuzisubiri fedha hizo ni dosari ya utekelezaji, nayo inatukumbusha kwamba ombi lisilofuatwa na tendo hubaki kuwa hotuba.

Fasihi nayo imeshika zamu pale ambapo mahakama hazikufika. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972, wakati wa utawala wa Mzee Jomo Kenyatta, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mfungwa akatuzwa kwa jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Tuzo ni heshima, lakini si radhi. Tunaposoma diwani hiyo darasani, tunasoma ushahidi ambao haujawahi kusomwa na hakimu kwa lengo la kumsafisha mwenyewe.

7. Hitimisho

Je, rais amsamehe mtangulizi wake? Kutokana na mjadala huu, jibu la makala haya si ndiyo wala hapana ya moja kwa moja. Msamaha wa adhabu unaweza kuwa na busara, hasa kwa mzee au mgonjwa, iwapo masharti manne yametimizwa. Kwanza, kosa liwe limethibitishwa hadharani, ili kinachosamehewa kijulikane. Pili, waliodhulumiwa wasikilizwe kabla ya kalamu kushikwa, na ukosefu wa ridhaa yao usifichwe. Tatu, msamaha usiwapite walio chini ukamfikia aliye juu pekee. Nne, anayeutoa asiwe na deni kwa anayeupokea, na akiwa nalo, uamuzi upitie mikononi mwa wengine. Msamaha wa Ford haukutimiza hata sharti moja kati ya haya. Ule wa Korea Kusini ulitimiza la kwanza kikamilifu na la pili kwa nusu. Ukimya wetu Kenya haukutimiza lolote, kwa kuwa haukuwahi hata kujiita msamaha.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wajibu wetu ni mahususi. Kila kiongozi atakaposema kwamba fulani amesamehewa, tuirejeshe sentensi katika kauli ya kutenda, tukaulize kiima chake ni nani.

Sijamaliza kisa cha nyanya. Mwenye ng'ombe alikuja nyumbani jioni moja, msimu uliofuata, bila mzee wa kijiji na bila baraza. Alikuwa amebeba debe la maharagwe begani. Alilitua mlangoni, akaanza kueleza jinsi ng'ombe walivyomponyoka na jinsi alivyoona haya kuja mapema. Nyanya alimkatiza katikati ya maelezo, akamwambia aingie ndani anywe chai. Maharagwe aliyagawa mara mbili, nusu akamrudishia. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitaja shamba lile kwa uchungu.